Kwenda Watamu na Gede kwa gari la umeme: ya kuandaa tangu jana yake

Ukiwa unachaji gari kwa sola nyumbani Malindi, safari ya Jumamosi inaanza Ijumaa asubuhi. Jua la siku yenyewe halitakufaa, maana mchana huo gari liko Watamu na paneli ziko juu ya paa. Kwa hiyo piga hesabu mapema. Malindi mjini hadi Watamu, kupitia magofu ya mji wa kale wa Gede wakati wa kurudi, weka kilomita 50 pamoja na mizunguko midogo. Gari dogo la umeme hula kilowati-saa 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100, basi safari nzima ni kama 8 au 9. Paneli tano za wati 400, jua likiwa zuri, hukupa 7 au 8 kwa siku, na friji nayo inataka yake. Kwa hiyo Ijumaa pekee haitoshi ikiwa betri ilikuwa chini. Mwezi wa Mei, masika yakikaza, anza siku mbili tatu kabla, au chomeka kwenye stima ya kawaida, si aibu.

Chaja za kubeba nyingi hukubali kupunguzwa hadi ampea 6, yaani kama wati 1,400. Anzia hapo. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa soketi za nyumbani, ikiwa ya kilowati 3 itabeba hizo na friji, lakini mtu akiwasha birika la umeme, yote huzimika. Chaja ikiwaka taa nyekundu na kukataa, mara nyingi shida ni waya wa ardhi upande wa inveta. Mwite fundi wa umeme, bisibisi yako iache.

Kazi yako wewe ni plagi. Baada ya nusu saa weka kiganja juu yake. Vuguvugu haina neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, zima. Soketi za karibu na bahari huota kutu ndani huku nje zinang'aa, kwa hiyo macho hayatoshi. Ekstensheni usitumie kabisa. Paneli zioshe alfajiri, kioo bado kimepoa, kwa maji ya mfereji. Ya kisima cha chumvi yakikauka huacha ukungu mweupe.

Sasa mkoba. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki ya kutumika mara moja ni marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini Kenya, hifadhi ya bahari ya Watamu ikiwemo. Maji ya chupa za dukani, mirija na vijiko vya kutupa viache. Beba chupa ya chuma, na mahamri kwenye bakuli lenye kifuniko. Mbaazi za nazi zileni kabla ya kutoka, joto la garini litazichachua adhuhuri haijafika. Kitambulisho usisahau, ndicho kinachokupa bei ya mwananchi, na simu iwe na chaji na bando kwa sababu kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali.

Tazama pia maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupwa katikati ya asubuhi, na hapo ndipo matumbawe huonekana vizuri, kwa hiyo anzeni baharini. Gede iwe ya alasiri, chini ya miti, na huko wenye mji ni kima. Kikapu cha wazi ni karamu yao. Beba mkoba wa zipu, ufunge mpaka mwisho, uuvae kifuani, na ndizi msizitoe kabisa. Pawabenki isibaki kwenye gari lililofungwa juani, nenda nayo.

Nguo mbichi na viatu vya mchanga vipe mfuko wao wa turubai, mbali na kebo ya kuchajia. Mkifika nyumbani, kausha mikono ya maji ya bahari kabla ya kushika plagi, na usichaji usiku huo kwa betri za nyumba kama kesho gari halitoki. Ngoja jua.