Gari haiwaki ukigeuza ufunguo: kubadilisha swichi na kutengeneza kolamu ya usukani

Ndani ya kava la plastiki lililo chini ya usukani mna vitu vitatu vilivyobanana, na watu huviita vyote kwa jina moja, "swichi". Cha kwanza ni kitasa, yaani ile silinda ya chuma unapoingia ufunguo. Cha pili ndiyo swichi yenyewe, kipande cha plastiki kilicho nyuma ya kitasa, chenye plagi ya waya. Cha tatu ni loki: pini nene ya chuma inayochomoza na kuingia kwenye shafti ya usukani pale ufunguo unapotolewa. Vyote vimo katika nyumba moja ya chuma iliyofungwa juu ya kolamu, yaani lile bomba linaloishika shafti ya usukani. Kila kimoja kina maradhi yake na bei yake. Pesa nyingi hupotea kwa kununua seti nzima ya mtumba, kumbe kilichokufa ni kile kipande cha plastiki ambacho hutoka kwa skrubu mbili tu.

Maelezo haya yanafuata Toyota ndogo za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ambazo zimejaa Unguja na Pemba: Corolla, Carina, Noah, RAV4. Suzuki Escudo na nyinginezo zinatofautiana kidogo kwenye skrubu na plagi, lakini mpango ni ule ule.

Kwanza jua kipi kimekufa

Anza na betri. Iliyolala usiku kucha bila kutumika isome volti 12.6 au karibu yake. Ikisoma 12.2 ichaji kwanza, usiguse swichi. Starta (mota inayoizungusha injini ili iwake) inapopiga, volti zisishuke chini ya 9.6. Angalia na vichwa vya betri, maana hewa yetu ya chumvi hutengeneza ukungu mweupe na wa kijani unaozuia moto (umeme) kupita hata kama nati imekaza. Gari ya otomatiki ijaribu pia ikiwa kwenye N (gia huru). Ikiwaka kwenye N na kukataa kwenye P (ya kuegesha), tatizo liko kwenye swichi ya gia.

Betri ikiwa nzima, sikiliza gari yenyewe. Ikiwa injini inawaka vizuri, lakini ukiachia ufunguo urudi ON inazima pale pale, kontakti za IG (vipande vya shaba ndani ya swichi vinavyopeleka umeme wa injini) zimeungua. Ikiwa ukitikisa ufunguo taa za dashibodi zinapepesa, au gari inazima ukipita kwenye shimo, hiyo pia ni swichi. Plagi iliyogeuka rangi ya kahawia au kunuka plastiki iliyoungua haihitaji ushahidi mwengine. Lakini ufunguo ukigoma kugeuka kabisa, ukikwama, au ukichomoka injini inawaka, hapo mgonjwa ni kitasa. Na usukani ukibaki umefungwa ilhali ufunguo umegeuka, ni loki.

Kabla ya kukihukumu kitasa, fanya jambo moja. Shika usukani kwa mkono mmoja, uchezeshe kushoto na kulia huku mkono wa pili unageuza ufunguo taratibu. Gari ikiegeshwa tairi zimebana ukingoni mwa barabara, shafti huikandamiza pini ya loki na ufunguo hukataa. Vitasa vizima vimevunjwa kwa sababu hii.

Kwa uhakika zaidi tumia multimita, yaani kipimo cha umeme. Swichi za Toyota hupokea moto wa moja kwa moja kwa waya mbili, AM1 na AM2. Ufunguo ukiwa LOCK (umefungwa), hakuna kinachounganika. Kwenye ACC (kituo cha redio), AM1 inaunganika na waya wa ACC. Kwenye ON, AM1 inaunganika na ACC na IG1, na AM2 inaunganika na IG2. Kwenye START, ACC inakatwa (ndiyo maana redio huzima kidogo unapopiga starta), AM1 inashika IG1 na ST1 (ST ni waya za starta), na AM2 inashika IG2 na ST2. Si kila gari ina waya zote hizi. Fuata zilizopo kwenye plagi yako.

Kupima kama njia ipo hakutoshi, kwa sababu kontakti mbovu hupitisha moto mdogo wa multimita bila taabu na kushindwa mzigo ukija. Kwa hiyo pima plagi ikiwa imechomekwa. Weka ufunguo ON, washa waipa na vitu vyengine, kisha ingiza ncha za multimita nyuma ya plagi, moja kwenye AM1 na nyengine kwenye IG1. Swichi nzima itaonyesha chini ya volti 0.2. Ikifika 0.5 au zaidi, hizo volti zinapotea ndani ya swichi na kugeuka joto.

Ukiifungua swichi iliyokufa utaona mwenyewe. Mna vipande vidogo vya shaba vinavyoteleza juu ya vyengine, na pale vinapogusana pana kidimbwi cheusi chenye kingo za vipele, kama sufuria iliyoungulia. Pembeni mwake grisi ya kiwandani imekauka na kuwa kahawia, na kwa gari za pwani huwa na unga wa kijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Wengine husugua kwa msasa na kurudisha. Itawaka, ndiyo, lakini ule uso laini umeshaondoka, na baada ya muda mfupi utarudi pale pale. Fanya hivyo ukiwa umekwama Makunduchi na unataka kufika mjini tu.

Kununua

Toa ya zamani kwanza, uende nayo dukani. Hesabu pini za plagi na utazame mpangilio wake, si idadi peke yake. Chukua na namba ya chesisi kutoka kwenye kibati ndani ya boneti. Ikiwa maduka ya mjini hayana na unaagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ije kwa boti, tuma picha ya uso wa plagi na ya kile kibati. Jina la gari pekee halitoshi, maana Noah mbili zinazofanana nje zinaweza kuwa na plagi mbili tofauti.

Ukichukua ya mtumba, igeuze kwa bisibisi bapa: isimame imara katika kila kituo, na kutoka START irudi yenyewe kwa springi. Ikirudi kwa uvivu iache. Starta inayoendelea kuzunguka baada ya injini kuwaka huungua.

Kubadilisha swichi

Vifaa ni vichache: spana namba 10, bisibisi ya nyota fupi na ndefu, bisibisi bapa, tochi. Fundi akianza kwa kung'oa usukani kwa kazi hii, mzuie. Hakuna haja.

Fungua terminali ya hasi ya betri na uiweke mbali. Gari yenye eabegi (mfuko wa hewa ndani ya usukani) isubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu karibu na usukani. Waya za eabegi zina plagi za manjano. Usizipime kwa multimita hata kidogo, moto wake mdogo unaweza kuilipua.

Kava la kolamu lina skrubu tatu kwa kawaida, zinazofunguliwa kutoka chini. Kwenye baadhi ya gari mbili zimefichwa nyuma ya usukani, na utazipata ukizungusha usukani robo duara kushoto, kisha kulia. Tenganisha nusu ya juu na ya chini kwa kubonyeza pembeni. Plastiki iliyopigwa jua miaka ishirini huvunjika kama biskuti, kwa hiyo nenda taratibu. Ikiwa nafasi ni ndogo, toa na kava la dashibodi la chini.

Bonyeza ulimi wa plagi na uvute plagi yenyewe, si waya. Tazama pini: iliyogeuka rangi au kulegea ibadilishwe pia, la sivyo itaiunguza swichi mpya. Fungua zile skrubu mbili nyuma ya nyumba ya kitasa. Kichwa chake huharibika upesi, basi tumia bisibisi inayojaa barabara na uikandamize kwa nguvu unapoanza.

Kabla ya kuweka mpya, hakikisha kitasa na swichi viko kituo kimoja, vyote LOCK. Ulimi wa kitasa uingie kwenye mfereji wa swichi bila kulazimishwa. Ukifunga vikiwa vimepishana, ufunguo hautafika START, au utafika na usirudi. Kaza skrubu, chomeka plagi mpaka usikie "tak", rudisha betri, na ujaribu vituo vyote kabla ya kufunga makava.

Swichi mpya hudumu ukiondoa kilichoiua ya kwanza. Amplifaya na taa za ziada zilizoungwa kwenye waya wa IG hupitisha mzigo wote kwenye kontakti ndogo. Zipe relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya ile ya ufunguo) na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Na lile furushi la funguo za nyumba, duka na pikipiki linaloning'inia hukila kitasa kila gari inaporuka.

Kitasa

Ikiwa ufunguo unageuka, kazi ni nyepesi. Weka ufunguo ACC, tafuta tundu dogo kwenye nyumba ya kitasa, ingiza waya mgumu wa kama milimita 2, bonyeza, na uvute kitasa kwa ufunguo wenyewe. Kikikataa, ufunguo haujakaa ACC sawasawa. Usogeze kidogo kidogo. Gari yenye chipu ndani ya ufunguo itahitaji chipu ile ile iwe karibu na pete ya antena inayozunguka kitasa. Kitasa kigeni chenye ufunguo wake kitageuka, na starta itapiga, ila injini haitashika. Ndiyo faida ya kubadilisha swichi peke yake: ufunguo wako unabaki.

Kwa gari za ufukweni zenye mchanga kitasani, puliza kwa hewa, kisha tia unga wa grafaiti, ule wa risasi ya penseli. Oili hufanya kazi siku mbili, kisha huukusanya mchanga na kuwa tope.

Nyumba na loki

Hapa kazi huwa ngumu. Nyumba imefungwa kwa bolti mbili ambazo vichwa vyake vilivunjwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue kwa spana. Kimebaki kigutu cha mviringo. Piga alama ya ncha katikati ya kila kigutu, toboa kwa drili ya milimita 3 hadi 4, kisha ingiza skrubu ya kutolea bolti zilizovunjika na uigeuze kinyume cha saa. Kama huna, tindo yenye makali hufaa: iegemeze ukingoni mwa kigutu na ugonge kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea kufungua. Kikianza kuzunguka hata kwa unywele, kilichobaki utamaliza kwa koleo. Usigonge kwa hasira, kwani kila pigo linakwenda kwenye kolamu.

Ukifunga nyumba mpya, bana bolti mpya kwa mkono tu kwanza. Toa ufunguo, geuza usukani mpaka pini idumbukie, rudisha ufunguo ACC, uone usukani uko huru kabisa pande zote. Rudia mara kadhaa. Ukiridhika ndipo ukaze zote mbili kwa zamu mpaka vichwa vikatike.

Nyumba iliyopasuka usiichomelee. Pini ikichomoza gari ikiwa mwendoni, hakuna wa kukuokoa.

Kolamu yenyewe

Mlio wa "kok, kok" unapogeuza usukani gari imesimama hutoka mara nyingi kwenye krosi (kiungo cha msalaba kinachokunja) ya shafti ya kati, chini karibu na pedeli. Mwambie mtu auchezeshe usukani kidogo huku umeishika krosi kwa mkono. Mchezo utausikia kwenye vidole. Usukani unaokaza na kulegea mara mbili kwa kila mzunguko una krosi iliyoshika kutu. Mvua za masika zikiingia kupitia mpira uliopasuka, maji hukaa chini ya kapeti na kuila. Badilisha shafti, na mpira pia.

Nyosha tairi, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, na weka alama ya rangi kwenye shafti na krosi kabla ya kufungua bolti. Usukani ukizunguka huru, waya uliozungushwa kama springi ya saa, ulio nyuma yake, hukatika: honi inakufa na taa ya eabegi inawaka. Bolti za krosi hukazwa kwa takriban Nyutoni-mita 35.

Kolamu imeundwa ijikunje dereva akirushwa juu ya usukani kwenye ajali, kwa vipande vya plastiki vinavyokatika. Kupiga ncha ya shafti kwa nyundo ili kung'oa usukani huvikata, tumia pula (kifaa cha kuvutia usukani). Kolamu iliyojikunja haivutwi ikarudi, hubadilishwa. Vitz na IST nyingi zina mota ya umeme juu ya kolamu, na hizo zinahitaji sensa yake kuwekewa sifuri kwa mashine, hivyo mpelekee mwenye kifaa.

Mwisho jaribu gari mahali patupu kwa mwendo wa pole: geuza mpaka mwisho pande zote, kisha pita kwenye matuta huku unatazama taa za dashibodi. Na kwenye vilima vya Pemba, usizime ufunguo kuteremka ili kuokoa mafuta. Nguvu ya usukani na ya breki huondoka, na ufunguo ukiteleza mpaka LOCK ukachomoka, pini itadumbukia gari ikiwa mwendoni.