SKS ya mtumba: mambo ya kufanya kabla ya risasi ya kwanza

SKS ni bunduki, kazi ya mbunifu Simonov wa Urusi ya Kisovieti, mwaka 1945. Inabeba risasi 10, inajikoki yenyewe baada ya kila mlio, na inakula risasi ileile ya AK (bunduki ya Kalashnikov), ya milimita 7.62x39. Nyingi zinazouzwa hapa Marekani zilikaa ghalani miaka na miaka huko Yugoslavia, Urusi au China, zimepakwa kosmolini, grisi nzito inayoganda kama nta. Grisi hiyo ndiyo adui wako wa kwanza.

(Ndugu yangu uliye na viza ya muda, usinunue kabla ya kumwona wakili. Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenu hata kuishika. Mwenye greencard hana kizuizi hicho, ila kila jimbo lina sheria zake.)

1. Itoe risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Fungua kifuniko cha magazini (kisanduku cha risasi) kwa chini, vuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), mulika chemba (tundu inamokaa risasi ya kupigwa) kwa tochi. Muuzaji akikuapia kwamba haina kitu, mulika vilevile.

2. Pini ya kupigia, yaani ile inayogonga kitako cha risasi ilipuke. Hapa usiwe na haraka. Kwenye SKS nyingi pini hii haina springi. Inacheza huru ndani ya bolti. Kosmolini ikiganda humo, pini inanata ikiwa imechomoza mbele, na bolti ikijifunga tu risasi inalipuka bila wewe kugusa traiga. Zinaweza kufuatana mpaka magazini iishe. Sefti (kifungo cha usalama) haikusaidii, maana inazuia traiga peke yake.

Toa bolti, itikise karibu na sikio. Usiposikia pini ikigonga "kwa-kwa-kwa", ni chafu. Ifungue, lakini piga picha kwanza: pini ina upande wake, ukiirudisha kichwa chini inaweza kukwama. Loweka vyote kwenye mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto, kisha sugua tundu la pini mpaka kitambaa kitoke safi. Kausha. Usitie grisi humo tena. Tikisa upya, sasa lazima igonge.

3. Chemba na njia ya gesi. Sugua chemba kwa brashi ya shaba, la sivyo maganda ya risasi yatanata. Pistoni na bomba la gesi, vinavyotumia gesi ya risasi kusukuma bolti nyuma, viache vikavu.

4. Fundi bunduki. Linganisha namba za bolti na za mwili wa bunduki. Zikitofautiana, mpelekee fundi apime nafasi ya risasi kwenye chemba. Mimi humpelekea hata zikilingana.

5. Shabahani. Vaa miwani na vizibo vya masikio. Tia risasi moja. Ikienda sawa, tia mbili, mtutu ukiwa umeelekea tuta muda wote, hata unapoachia bolti. Zikitoka zote kwa mvuto mmoja wa traiga, acha hapohapo urudi hatua ya 2.

6. Maji. Risasi nyingi za zamani za kijeshi huacha chumvi kwenye mtutu, na chumvi haiyeyuki kwa mafuta. Siku hiyohiyo mimina maji ya moto kwenye mtutu, bomba la gesi na pistoni, kausha, ndipo upake mafuta kwenye mtutu. SKS za Yugoslavia hazina kromu ndani ya mtutu, kwa hiyo kutu haikawii. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe; kikitoka na rangi ya kutu, rudia maji.