Kuandaa Chumba cha Kujikinga na Kimbunga Nyumbani

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutoa tahadhari mapema. Wenzetu wa Marekani, ambao vimbunga vyao vya nchi kavu huwafikia kwa taarifa ya dakika chache tu, hujenga ndani ya nyumba chumba cha zege au chuma. Sisi wa Dar es Salaam tunapata muda wa kujiandaa, na ni kosa kuupoteza.

Kwanza, kama nyumba yako ipo bondeni, mfano kandokando ya Mto Msimbazi, usijifungie chumbani hata kidogo. Maji yatakufuata humo humo, kwa hiyo hamia kwa ndugu aliye mwinukoni kabla mvua haijaanza.

Walio mahali pa juu wachague chumba cha katikati, kidogo, kisicho na dirisha, kama vile stoo, choo cha ndani au korido. Watu wengi huangalia unene wa kuta, ilhali kinachoanza kuondoka ni paa. Ingia chumbani mchana, funga mlango, kisha tazama pale ukuta unapokutana na bati: ukiona mwanga unapenya, upepo nao utapita hapo hapo na kuliinua bati kutoka chini. Mwite fundi azibe uwazi huo na azifunge kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kwa nondo au vyuma, maana misumari peke yake haitoshi. Mwenye uwezo amwage zege juu ya chumba hicho kimoja. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kuezeka upya nyumba nzima.

Mlango uwe wa mbao ngumu, wenye komeo juu, katikati na chini. Ndani weka maji ya kunywa, tochi, redio ya betri, dawa, filimbi, godoro la kujifunika vichwa, na viatu vya kila mmoja, kwa sababu baada ya upepo sakafu hujaa vioo na misumari. Jiko la mkaa lisiingie humo kabisa, kwani hewa yake ya sumu huua bila kunuka.

Upepo ukizidi, zima swichi kuu, funga mtungi wa gesi, ingieni wote. Ukitulia ghafla msitoke: huenda kitovu cha kimbunga kinapita juu yenu, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Subirini redio itangaze kwamba kimekwisha kupita.