SOMO: Kuhamisha podikasti yako bila kuwapoteza wasikilizaji

Wapendwa, tangu nirudi Mbale kutoka kwenye mkutano wa watengenezaji wa podikasti kule Kampala, simu yangu haipumui. Swali ni lile lile: "Nataka kuhama pale ninapohifadhi podikasti, nifanyeje?" Nimejibu kwa ujumbe, nimejibu kwa sauti, nimejibu nikiwa nimebanwa ndani ya teksi. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mkutanoni mwezeshaji alituuliza: nani anaijua anwani ya RSS ya podikasti yake, yaani ya lile faili la mtandaoni lenye orodha ya vipindi vyake? Ukumbi ulijaa watu wenye miaka miwili, mitatu kazini. Mikono iliyoinuka ilihesabika. Na hiyo anwani ndiyo mali yenyewe! Programu za kusikilizia kama Apple Podcasts na AntennaPod zinakujua kwa anwani hiyo tu. Huipitia mara kwa mara kuangalia kama kuna kipya. Aliyeshika anwani ndiye aliyeshika wasikilizaji.

Hatua zenyewe:

1. Nakili anwani yako ya RSS kwenye daftari.

2. Hakikisha barua pepe ya akaunti ni yako, si ya rafiki wala ya kijana aliyekufungulia. Spotify hutuma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe iliyo ndani ya RSS. Kama mwenye barua pepe hiyo mmekosana, umekwama.

3. Shusha vipindi vyote na picha ya jalada, weka kwenye flashi. Picha iwe mraba, pikseli 1400 hadi 3000 kila upande.

4. Fungua akaunti mpya, kisha tumia sehemu ya kuleta vipindi kutoka RSS ya zamani. Usipakie kimoja kimoja kwa mkono.

5. Linganisha pande mbili: idadi ya vipindi, tarehe, mpangilio.

6. ELEKEZA ANWANI YA ZAMANI IENDE KWENYE MPYA, NA USIFUNGE AKAUNTI YA ZAMANI.

Hapa naomba utulie usome. Mara ya kwanza nilipohama, nilipakia kila kitu upande mpya, nikaona vipindi vimekaa vizuri, nikafunga akaunti ya zamani usiku ule ule ili nisilipie mwezi mwingine. Anwani ya zamani ikafa, na hakuna aliyeambiwa. Programu kwenye simu za watu ziliendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Vipindi vya zamani bado vilionekana kwenye orodha zao, kwa hiyo mtu alidhani nimepumzika tu. Nilijua siku dereva mmoja wa lori aliponiandikia: "Mwalimu, umeugua? Wiki ya tatu sikusikii, na foleni ya Malaba bila wewe ni ndefu." Katika wiki hizo tatu nilikuwa nimetoa vipindi vitatu. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Wengi wa wale wasikilizaji sikuwapata tena, kwa sababu sina namba zao. Nilichokuwa nacho ni anwani, na niliiua mwenyewe.

Kwa hiyo: ndani ya akaunti ya zamani tafuta mahali pa kuelekeza RSS kwingine. Iwe ni 301, yaani kuhama kwa kudumu. 302 ni ya muda, usiikubali. Kama mahali hapo hupaoni, waandikie wahudumu wao KABLA ya kuhama, na wasipokuwa na huduma hiyo, ahirisha. Upande mpya, ndani ya RSS, weka alama iitwayo new-feed-url yenye anwani mpya, ili programu zijue ulikohamia. Kisha fungua anwani ya zamani kwenye simu ya mtu mwingine, uone kama inakupeleka kwenye mpya. Apple wanashauri uelekezaji ukae angalau wiki 4. Mimi nasema miezi sita, kwa sababu kuna watu wanaowasha data mara moja moja tu.

7. Toa kipindi kifupi kipya, uone kama kinafika kwa watu wa zamani.

8. Ukiwa na uwezo, nunua jina lako la mtandao (domain), anwani ya RSS ipite hapo. Ukihama tena, jina linabaki lako.

Maswali karibuni.

bosi_soroti: Mkuu nishafunga ya zamani jana, sasa nafanyaje?

Mwandishi: Ndugu, hatua ya 6 iko kwa herufi kubwa. Waandikie wahudumu wa kule sasa hivi, uombe wairudishe akaunti au wakuwekee 301. Ukichelewa wataifuta kabisa. Nenda.

binti_wa_arua: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusipakie kwa mkono? Mimi nina vipindi 40 tu, naona si kazi kubwa.

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza jambo la maana. Kila kipindi ndani ya RSS kina kitambulisho kiitwacho GUID. Kichukulie kama NIN yako, namba ya kitambulisho cha taifa: ukibadili jina au sura, namba ni ile ile. Programu ikiiona namba inayoijua, inanyamaza. Ukipakia kwa mkono, kila kipindi kinapewa namba mpya, na simu iliyowekwa ishushe yenyewe inaweza kuvishusha tena vyote. Piga hesabu: nusu saa ya sauti ya mono (ya njia moja, si mbili kama stereo) kwa 64 kbps, yaani kilobiti 64 kila sekunde, ni takriban MB 14. Mara 40 ni zaidi ya MB 570. Hiyo ni bando ya mtu, na tangu Julai 2021 data yetu ina kodi ya asilimia 12. Usimlie msikilizaji bando yake.

binti_wa_arua: Asante sana. Kumbe hata stereo ya 128 naweza kuiacha?

Mwandishi: Kwa mazungumzo matupu, iache. Mono ya 64 inatosha na faili linakuwa nusu. Sauti isawazishe kwenye -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ndicho kiwango Apple wanachopendekeza. Audacity, programu ya kuhariri sauti, inafanya hivyo bure.

kijana_ntinda: Mateso yote haya ya nini? Weka YouTube basi.

Mwandishi: Weka, sijakataza. Lakini kule anwani si yako, na wakikufungia huna pa kuwaelekeza watu. Mwaka 2021 Facebook ilifungwa Uganda, na walioweka kila kitu huko wanajua nasema nini.

fundi_redio_tororo: Kule ninakohamia kunagoma kuleta vipindi, wanasema RSS imefungwa.

Mwandishi: Mzee wangu, ni alama ya "locked". Imewekwa ili mtu mwingine asikuibie podikasti. Ingia akaunti ya zamani, iweke "no", subiri kidogo, jaribu tena. Ukimaliza kuhama, ifunge upande mpya.

kijana_ntinda: Na kuweka wimbo wa mtu sekunde 30 tu, si inaruhusiwa?

Mwandishi: Hapana. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 haina ruhusa ya sekunde 30. Omba kibali.

mama_kapchorwa: Samahani nitoke nje ya mada. Mvua kwenye mabati mnaizuiaje? Blanketi nimetundika, wapi.

Mwandishi: Pole mama. Blanketi linapunguza mwangwi, mvua haliiwezi. Kwetu hupenda kunyesha alasiri, basi mimi narekodi asubuhi. Na tumia maikrofoni ya dynamic, isiyonasa sana sauti za mbali, umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Ile ya condenser inasikia hadi jogoo wa jirani.

fundi_redio_tororo: Niongeze: kabla ya kuanza, rekodi chumba kikiwa kimya sekunde 20. Ukikata maneno baadaye, jazia pengo kwa kimya hicho. Kimya cha kompyuta masikio hukigundua.

mama_kapchorwa: Hata kama friji inanguruma?

fundi_redio_tororo: Friji izime, na funguo za nyumba ziweke ndani yake. Hutatoka ukaisahau.