Deraya ya kwanza ya kosplei: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata kipande

Kosplei ni kuvaa na kujifanya mhusika wa filamu, katuni au mchezo. Seti ya deraya ya askari wa bunilizi za anga hufika ikiwa boksi kubwa lenye vipande vya plastiki nyeupe: kifua, mgongo, tumbo, mabega, mikono, mapaja, miguu na kofia. Ukivitazama utadhani kazi imeshafanyika, umebaki wewe na gundi. Vipande hivyo vimetengenezwa kwa kuvuta plastiki iliyopashwa joto juu ya kalibu, na kalibu ile ilichongwa kwa mwili mmoja wa kukadiria. Kazi yako ni kuvileta kwenye mwili wako, na karibu kila hatua ya kuvileta ni mkato. Plastiki iliyokatwa pungufu hairudi, na kwa aliyeko Dodoma paja moja la ziada halipatikani dukani. Ndiyo maana siku nyingi za mwanzo zinafaa kutumika kwa mambo yasiyohusu kisu kabisa.

Anza kabla ya kuagiza. Uliza seti ni ya plastiki gani. ABS ya unene wa milimita 2 hivi ndiyo inayomfaa anayeanza: inapinda bila kuvunjika na inashika gundi. HIPS huwa nafuu zaidi lakini hupasuka upesi kwenye kona. Vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D mara nyingi ni vya PLA, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana wa Oktoba hapa Dodoma linaweza kukaribia joto hilo juu ya dashibodi, na kofia ya PLA iliyoachwa humo itapinda. ABS huvumilia hadi karibu nyuzi 100, lakini gundi ya moto, ile ya vijiti, haivumilii. Usiitegemee kwenye sehemu yoyote inayobeba uzito, kwa sababu itaachia ukiwa juani mbele za watu.

Nauli nayo huwashangaza wengi. Deraya nzima ni nyepesi, ila boksi lake ni kubwa, na kampuni nyingi za usafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 80 kwa 50 kwa 50 litahesabiwa kama kilo 40 hata kama mizani inasoma 10. Mwombe muuzaji apange vipande vidogo ndani ya vikubwa, na kifua kiingie ndani ya mgongo. Forodha nayo hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Nauli iliyopanda inapandisha kila kitu.

Boksi likifika, usitupe chochote. Panga vipande sakafuni kwa umbo la mtu, hesabu kulingana na orodha ya muuzaji, piga picha kila kimoja ndani na nje, na andika kwa penseli upande wa ndani: kulia, kushoto, juu, chini. Vipande vya mkono wa kulia na wa kushoto hufanana mno, na kosa la kuvichanganya hugundulika gundi ikiwa imeshashika. Plastiki inayobaki pembeni baada ya kukata nayo ni mali. Itakupa vibamba vya kufunika maungio, viraka vya ndani na uji wa kuzibia nyufa. Iweke kwenye mfuko wake.

Sasa vipimo. Jipime ukiwa umevaa ile taiti nyeusi na fulana nyeusi ya mikono mirefu utakayovaa chini ya deraya, na buti miguuni, kwa sababu buti huongeza kimo na huamua kipande cha mguu kinaishia wapi. Tumia futi ya fundi cherehani na umwombe mtu mwingine akupime. Unahitaji mzunguko wa kichwa juu ya nyusi, kifua, kiuno, nyonga, mkono wa juu ukiwa umekunjwa, kigasha, paja na shavu la mguu. Kisha urefu: bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo cha mkono, kinena hadi goti, goti hadi kisigino, na bega hadi kinena. Mkono uliokunjwa ni muhimu kuliko ulionyooka, kwa kuwa msuli huvimba. Wengi hupima wakiwa wamenyoosha, wakaunganisha vizuri, halafu wakashindwa kushika hata chupa ya maji.

Kwenye mzunguko wa mikono ongeza sentimita 2 hadi 3 za nafasi, na kwenye mapaja 3 hadi 4. Kabla ya kuamini hesabu, tengeneza mfano kwa manila au boksi la katoni lililofunguliwa. Zungushia paja, funga kwa tepu ya karatasi, tembea, panda ngazi mbili, chuchumaa kadiri inavyowezekana. Mahali manila inapokukata nyuma ya goti ndipo plastiki itakapokukata. Mtu mfupi atalazimika kupunguza sehemu ya juu ya mguu na ya chini ya paja, na mnene ataongeza kibamba kati ya nusu mbili za kipande, ya mbele na ya nyuma, badala ya kuzikutanisha. Yote mawili yanawezekana kabisa, mradi yameamuliwa kwenye karatasi kwanza.

Zana si nyingi. Unahitaji kisu cha wembe chenye nyembe kumi za akiba, rula ya chuma, mkasi mfupi uliopinda ncha, tupa laini, msasa wa namba 120, 220 na 400, drili ndogo yenye biti ya milimita 3, na miwani ya kukinga macho. Achana na grinda na msumeno wa umeme. Mwendo wake huyeyusha ABS, na mkato hujifunga nyuma ya diski. Njia sahihi ni kupitisha wembe kwenye mstari mara tatu hadi tano bila kukandamiza, kisha kukunja plastiki mpaka ivunjike yenyewe juu ya mstari. Palipopinda tumia mkasi. Katika kona ya ndani, kama ile ya kwapani au ya kinena, toboa tundu la milimita 3 kwanza kisha ukate kuelekea kwenye tundu. Kona kali hukusanya mvutano wote wa mwili unapotembea, na ufa huanzia hapo. Tundu la mviringo huutawanya. Sehemu hizo uzitie pia kiraka cha ndani tangu mwanzo, bila kusubiri zipasuke.

Gundi inahitaji kueleweka kabla ya kufunguliwa, kwa sababu kila aina ina kazi yake. Superglu hushika kwa sekunde lakini huwa kavu kama kioo: ukipinda kiungo, inaachia, tena huacha ukungu mweupe pembeni. Itumie kushikiza kwa muda tu. Gundi ya mpira inayokauka polepole, ya aina ya E6000, ndiyo ya maungio makubwa. Inahitaji saa 24 kushika na hadi 72 kukomaa, inabaki na unyumbufu, na ukikosea unaweza kuibandua. Kwa anayejifunza sifa hiyo ya mwisho ina thamani kuliko nguvu zote. Ya tatu unaitengeneza mwenyewe: mabaki ya ABS yaliyokatwa vipande vidogo, yakalowekwa usiku mzima kwenye chupa ya kioo yenye asitoni mpaka yawe uji mzito. Uji huo huyeyusha na kuunganisha plastiki kuwa kitu kimoja, kwa hiyo ni wa kuzibia nyufa na kujengea kona, na haurudishwi nyuma. Asitoni hushika moto haraka sana na mvuke wake hutambaa chini. Katika chumba cha hosteli chenye jiko la gesi au la umeme isifunguliwe kabisa. Gundi ya fundi viatu nayo ijaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki, kwa kuwa viyeyushi vyake vinaweza kulainisha ABS.

Hali ya hewa ya Dodoma inaingia hapa moja kwa moja. Kiangazini upepo hubeba vumbi jembamba linaloingia hata chini ya mlango, na vumbi likitua juu ya gundi mbichi, gundi inashika vumbi badala ya plastiki. Sugua pande zote mbili kwa msasa wa 220, futa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, paka mara moja, kutanisha, bana. Mchana wa joto uso wa gundi hutengeneza ngozi kabla hujamaliza kupaka urefu wote, nawe utadhani imeshika kumbe imekauka juu tu. Fanya maungio asubuhi mapema, kipande kimoja kwa wakati, na ukiache kikauke kivulini chumbani. Chini ya bati lisilo na dari si mahali pa kuachia plastiki iliyobanwa.

Vibamba vya kufunika maungio vikate upana wa milimita 15 kwa mikono, 20 kwa mapaja na mbele ya miguu, na 25 nyuma ya miguu, kwenye shavu. Kwa kubana, nunua vibanio vya nguo visivyopungua 40 na sumaku ndogo zenye nguvu, kipenyo cha milimita 15 hadi 20, jozi 10 au zaidi: moja ndani, moja nje, kila baada ya sentimita 4. Sumaku hizo zihesabiwe na kufungiwa mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Idadi ya vibanio ndiyo inayoamua kalenda yako. Mikono miwili ya juu, vigasha viwili, mapaja mawili na miguu miwili ni vipande vinane, na kila kimoja kina maungio mawili, jumla 16. Ukiweza kubana maungio mawili kwa siku, hizo ni siku nane za kibamba cha nje pekee, bado cha ndani. Anayeitaka deraya kwa ajili ya tamasha la mwezi ujao na hajafungua boksi asijidanganye.

Mikanda ndiyo inayofanya deraya ivalike, na hapa Dodoma tuna mafundi wazuri. Nunua lastiki nyeusi ya upana wa milimita 25 na 50, mita 4 kwa kila moja, na mkanda wa begi wa nailoni mita 6. Vifungo vya presi vya chuma, vile vya kubonyeza, pata jozi 80 hata kama hesabu yako inasema 40, maana vingine hupinda wakati wa kupigwa nyundo. Fundi wa mabegi au viatu pale Majengo anaweza kuvipigilia vizuri ukimpa vipande vya mkanda vilivyokatwa tayari na kuchomwa ncha visifumuke. Mpe kipimo kwa maandishi na umwonyeshe dume na jike vinaelekea wapi. Vipande hivyo vyenye vifungo ndivyo vinavyogundishwa ndani ya plastiki, na lastiki hubanwa juu yake, kwa hiyo lastiki ikilegea unabadilisha lastiki peke yake.

Rangi haihitaji maneno mengi. ABS nyeupe yenye kung'aa haipakwi nyeupe juu. Paka maandishi na mistari tu, kwa brashi. Kofia ikihitaji rangi ya kupuliza, ioshe kwa sabuni, ikauke, weka praima (rangi ya msingi), kisha tabaka nyembamba tatu siku isiyo na upepo. Jua kali la mchana hukausha matone kabla hayajafika, ukabaki na uso wa chengachenga. Jua hilohilo hugeuza ABS kuwa ya njano kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo hifadhi vipande kwenye sanduku lenye giza, si juu ya kabati mbele ya dirisha.

Fikiria pia utaivaa wapi. Ndani ya deraya jasho halina pa kutokea, na kwenye viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni kivuli ni cha kutafuta. Panga dakika 30 za kuvaa, kisha kofia itoke, unywe maji. Feni mbili ndogo za volti 5 na pawabenki ndani ya kofia husaidia, na usiku wa Juni na Julai, baridi ikiingia, ndizo zinazozuia ukungu kwenye lenzi. Huoni miguu yako wala husikii vizuri, kwa hiyo awepo mtu wa kukuongoza asiyevaa chochote cha kumzuia kuona. Rangi za mabakamabaka ya kijeshi ziepuke kabisa: raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa nchini, hata kama dhamira yako ni kosplei. Bunduki ya plastiki usiibebe mitaani katika mji wenye ofisi nyingi zinazolindwa. Iwe na ncha ya rangi ya kung'aa, isafiri ndani ya begi, na waandaaji wajulishwe kabla.

Hayo yakiwa tayari, chagua kipande cha kwanza. Kiwe kigasha cha kushoto: ni kidogo, na mtu hakitazami sana. Kata milimita chache nje ya mstari wako, jaribu, punguza, jaribu tena. Kisha cha kulia, mikono ya juu, miguu, mapaja, na kiwiliwili baada ya hapo. Kofia iache ya mwisho, kwa sababu ndiyo kila mtu atakayoiangalia, na mkono wako wakati huo utakuwa umeshajua wembe unapita vipi kwenye ABS.