Kupiga fleri paipu za breki mwenyewe, Land Cruiser ya zamani

Kupiga fleri ni kupanua mdomo wa paipu ili ukibanwa na nati usivuje. Kabla hujanunua chochote fungua paipu moja ya zamani uangalie mdomo wake. Land Cruiser yangu ni FJ40, na kama Toyota nyingine, mdomo umepanuka kama faneli halafu ukingo umekunjiwa ndani, hiyo ndo dabo fleri ya nyuzi 45, nati zake ni M10 uzi wa 1.0 (kipenyo milimita 10, uzi hadi uzi milimita 1). Volkswagen Beetle ya zamani nayo nati ni hizohizo M10 ila mdomo umevimba kama uyoga, sasa usichanganye, nati itaingia fresh kabisa lakini mdomo haukai na breki itavuja.

Paipu yenyewe unene wake ni 4.75mm, ukienda dukani sema tu 3/16 ya inchi. Chukua kopa-nikeli (shaba iliyochanganywa na nikeli), haili kutu na unaikunja kwa mkono. Ile kopa tupu ya mafundi friji achana nayo hata upewe bure, mtikisiko wa gari unaichosha mpaka inapasuka.

Kata kwa kile kikataji cha kuzungusha, msumeno unaacha mdomo umepinda na vumbi la chuma ndani. Toa makali ya ndani, piga tupa kidogo kwa nje, puliza. Halafu INGIZA NATI. Nasema kwa herufi kubwa sababu mimi nimeshapiga fleri safi, nzuri mpaka nikaipiga picha, kugeuka naona nati iko mezani inaniangalia.

Sasa bana paipu kwenye kibanio, kipande kinachochungulia juu kiwe sawa na unene wa bega la adapta ya saizi hiyo (kile kidude chenye ncha inayoingia mdomoni mwa paipu), weka adapta pembeni yake upime kwa jicho. Kikizidi mdomo unakaa upande, kikipungua mkunjo haufiki. Tone moja la oili ya breki, shusha adapta mpaka iguse kibanio, itoe, kisha shusha koni yenyewe (ile ncha iliyochongoka ya kifaa) taratibu ikunje ukingo ndani. Usikamue sana, mdomo ukiwa mwembamba unapasuka. Na ukiishia kwenye singo fleri, yaani mdomo umepanuka tu bila kukunjwa ndani, umefanya kazi bure, ukikanyaga breki ya ghafla presha humo inapita 1000 psi (pauni kwa inchi ya mraba).

Angalia kwa tochi: duara iko katikati? kuna ufa? Una shaka kata upige tena, ndo maana paipu unaanza na ndefu, na mikunjo usiisogeze karibu na mdomo, acha kama sentimita 5 zimenyooka.

Ukishafunga zote, toa hewa ukianzia gurudumu la mbali na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), mtu akanyage pedali kwa nguvu ashikilie dakika nzima, wewe pitisha tishu kavu kila nati. Ikilowa kaza kidogo, ikiendelea kulowa kata upige upya, ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie hapo kabisa.