Somo: Kupaka rangi askari wa mezani wakati hobi nyingine tano zinakugombania

Wadau, habari za baridi.

Tangu nionyeshe picha ya kabati langu (ile yenye maboksi matatu ya askari wa kijivu, gitaa lililokatika waya na tairi la baiskeli juu yake) swali limekuwa moja: muda unapata wapi? Sipati. Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, nafungua saa mbili asubuhi na kufunga magharibi. Nina mke, watoto wawili na hobi sita: kupaka rangi askari wadogo, kuwachezesha, gitaa la kwaya, baiskeli, njiwa na bao. Mke wangu anasema ni saba. Kununua anakuhesabu peke yake.

Kwa wageni: hawa ni askari wa plastiki, wa chuma laini au wa resini, mtu mzima ana kimo cha milimita 28 hivi. Wanakuja vipande vipande kwenye fremu. Unakata, unaunga kwa gundi, unapaka rangi, kisha unawapambanisha mezani na mwenzako kwa dadu na futi kamba. Umbali unapimwa kwa inchi. Mchezo unaojulikana zaidi ni Warhammer 40,000 wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ulioanza 1987. Mimi nilianza kwa bahati. Mteja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia boksi zima badala ya hela ya kioo cha simu. Mpaka leo sijui nani alipata hasara.

Angalia kwenye orodha yangu kupaka na kucheza nimevitenga. Ni kwa makusudi. Kupaka ni kazi ya mtu mmoja, kimya kimya, na dakika 20 zinatosha. Kucheza kunataka mtu wa pili, meza, saa tatu na chupa ya chai. Ukivichukulia kama kitu kimoja utasubiri siku yenye nafasi ya vyote viwili, na siku hiyo haiji.

Hatua ya 1: Hesabu ulivyofungua, usihesabu ulivyonavyo

Nilianza kwa ratiba ya ukutani. Jumatatu gitaa, Jumanne rangi, Jumatano njiwa, na kuendelea. Jumanne ya kwanza umeme ukakatika. Jumanne ya pili mteja alikuja na simu iliyotumbukia chooni akanisihi hadi saa tatu usiku. Ratiba ikafa, nikabaki na hatia ya Jumanne mbili juu ya uchovu.

Sasa naangalia kitu kimoja tu: vitu vilivyofunguliwa visizidi vitatu. Kikosi kimoja mezani, wimbo mmoja wa gitaa, safari moja ya baiskeli ninayojiandalia. Boksi jipya halikatwi mkanda mpaka kimoja kiishe. Kuwa na askari 80 kwenye fremu hakukuchoshi. Kinachochosha ni vikosi vinne kila kimoja kina buti zilizopakwa na uso mtupu, maana kila ukikaa unaanza kwa kujiuliza uendelee na kipi.

Hatua ya 2: Sinia

Hapa someni polepole.

Nilipima kwa saa ya simu siku moja. Kutoa rangi kwenye boksi, kutafuta brashi, kuchota maji, kuvuta taa, kutandika gazeti: dakika 14. Kurudisha vyote watoto wasivifikie: dakika 9. Bila hata tone la rangi kugusa askari nimeshakula dakika 23. Ndiyo maana mtu anasema "sina muda" huku ameshika simu akitazama picha za askari wa wenzake kwa nusu saa.

Dawa yake ni sinia la alumini lenye kingo, kama la kubebea chai msibani. Juu yake kinakaa kikosi kimoja tu, rangi za kikosi hicho tu (zangu hazizidi nane), brashi tatu, kikombe cha maji na kitambaa. Kila askari amebandikwa kwenye kifuniko cha soda kwa gundi kidogo ili nishike kifuniko nisimshike mwili. Sinia linakaa juu ya kabati. Nikilishusha, naanza. Nikichoka, nalirudisha juu.

Rangi isikauke kati ya leo na keshokutwa: chukua kontena bapa la plastiki lenye mfuniko, tandika sponji ya vyombo iliyoloa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Mimina rangi hapo. Rangi ya akriliki (ile ya maji) itakaa laini siku mbili tatu ukifunika. Badilisha maji kabla hayajanuka.

Kikombe cha maji kiwe cha rangi tofauti kabisa na cha chai. Sitaki kueleza nilijuaje.

Hatua ya 3: Praima kabla ya mvua

Masomo mengi ya kupaka askari yameandikwa na watu wa mbali, yanasema tu "puliza praima", yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zinazofuata. Mbeya kupuliza ni suala la majira. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuachia Aprili au Mei, na miezi hiyo hewa ina maji hata siku ambayo haijanyesha. Ukipuliza praima ya kopo kwenye unyevu, uso wa askari unatoka na chembechembe kama msasa, na hakuna rangi itakayoficha hilo. Vanishi ndiyo mbaya zaidi, inaganda nyeupe kama ukungu umenaswa ndani ya kioo. Niliharibu askari kumi namna hiyo, wote wamekwisha kupakwa, Februari, kwa haraka zangu mwenyewe.

Kwa hiyo kuanzia Agosti hadi Oktoba naunga na kupuliza akiba ya msimu mzima, 40 au 50. Siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Asubuhi sana bado kuna ukungu kutoka mlima Loleza, jioni baridi inarudi. Tikisa kopo dakika mbili kamili. Simama sentimita 20 hadi 30, puliza kwa vipande vifupi huku mkono unatembea, usisimame sehemu moja. Upepo wa Septemba una vumbi, kwa hiyo weka askari ndani ya boksi la katoni lililolala ubavu.

Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, rangi inachelewa kukauka. Mimi miezi hiyo siungi wala sipulizi. Ni miezi ya baiskeli, barabara ya Chunya ile inayopanda mpaka masikio yanaziba. Mvua ikianza, baiskeli inaning'inia ukutani, nashusha sinia, na askari wananisubiri tayari. Tangu niache hali ya hewa igawe hobi, ugomvi kichwani umepungua. Baiskeli na brashi hazigombei tena Jumamosi ileile.

Hatua ya 4: Watano kwa pamoja, na njia ya mkato

Paka watano, si mmoja na si ishirini. Suruali zote tano, kisha mikanda yote, kisha ngozi. Ukifika wa tano, wa kwanza ameshakauka. Ishirini nilijaribu, niliwachukia.

Njia ninayotumia: praima nyeusi kote. Kisha brashi kubwa kuukuu yenye rangi ya kijivu, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, halafu mpitishe askari juu juu. Rangi inashika kwenye matuta tu. Rudia kwa nyeupe, ukilenga kichwa na mabega kunakopigwa na jua. Sasa ana mwanga na kivuli kabla hujamvika chochote. Juu yake paka rangi nyepesi inayopitisha mwanga, mkono mmoja, na kivuli cha chini kinajitokeza chenyewe. Watano wanaisha kwa jioni tatu. Kwa meza inatosha kabisa. Jemadari mmoja mpe wiki mbili ukipenda, wengine wataonekana kutoka futi tatu.

Hatua ya 5: Mchezo mdogo

Usingoje jeshi likamilike. Kill Team, mchezo mdogo wa Games Workshop haohao, inachezwa na askari wachache kwenye ubao wa inchi 22 kwa 30, unakaa hata juu ya meza ya sebuleni. Watunzi wa michezo waitwao One Page Rules wana sheria za bure za kupakua, na unatumia askari wowote ulionao. Sisi tunacheza Jumapili moja kwa mwezi baada ya ibada, watu wanne, na wanaosubiri zamu wanapiga bao pembeni. (Mzee anayetufunga bao kila mara alitazama mchezo wetu nusu saa, akauliza: "Kete zote hizo, na bado mnahitaji dadu?")

Mandhari ya mezani usinunue. Njia ya Tukuyu kuna yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, wengine wanasugulia miguu. Ukiyakata kwa msumeno unapata majabali yenye vitundu vidogo, na ukiyapitishia ile brashi kavu yanapendeza kuliko ya dukani. Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, ukiyakausha juani, ni majani makavu ya msituni kwa kibao cha chini anachosimamia askari.

Hatua ya 6: Kuna hobi italala

Kwangu ni njiwa. Kijana wa jirani anawalisha, makinda tunagawana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makambako: Mkuu, praima ya askari huku haipo. Fundi wa kupiga rangi magari ana andakoti ya kopo. Nitumie?

Jibu: Wa chuma mpulizie bila wasiwasi. Kwa plastiki kuna makopo yenye dawa kali inayoyeyusha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu tupu, acha mpaka kesho yake. Ikinata au ikilainika, mrudishie kopo lake. Na puliza kidogo kidogo, andakoti ya gari ni nzito, inaziba macho na vidole.

Mdau wa Tukuyu: Kaka, umeongea kama mtu wa Mbeya mjini. Huku Rungwe hiyo "siku kavu" ni ya kubahatisha. Tufanyeje?

Jibu: Umenishika, nakubali. Huko acha kopo kabisa, tumia brashi. Osha askari kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, akauke vizuri. Paka praima ya brashi, na ukiikosa, akriliki nyeusi isiyong'aa. Mikono miwili myembamba, kati yake usiku mmoja. Haishiki kama ya kopo, kwa hiyo usimkwaruze kwa kucha, na vanishi ya mwisho nayo iwe ya brashi.

Mdau wa Iringa: Kamwene! Nataka kutengeneza mezani vita vya Lugalo. Nianze na askari wangapi, meza ukubwa gani? Nina kwaya, kuku na masomo ya jioni, nisije nikaanza nisimalize.

Jibu: Kamwene sana. Hii nimeiota siku nyingi. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji Wahehe wa Mkwawa waliuvizia msafara wa Wajerumani ukiwa umejinyoosha njiani, na kiongozi wake, Emil von Zelewski, akauawa. Kwa hiyo usitumie meza ya mraba. Unga mbao mbili ziwe ndefu na nyembamba, njia ipite katikati, vichaka pande zote. Usitumie milimita 28, utapaka mpaka wajukuu waje kusaidia. Chukua milimita 15 au hata 6, askari mmoja asimame badala ya kumi. Wahehe wasiwekwe mezani mwanzo: weka karatasi zilizofunikwa vichakani, nyingine zina kikosi na nyingine ni tupu, na anayeongoza msafara asijue ipi ni ipi. Mikuki iwe na nguvu wakigusana, bunduki ziwe na nguvu kwa mbali, na zamu ziwe sita tu, maana mapigano yenyewe hayakuchukua muda. Anza na msafara. Ni watu wachache na sare zinafanana, utaumaliza kwa sinia mbili. Kabla ya kupaka ngao, nenda Makumbusho ya Kalenga, pale lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Kaangalie kwa macho yako, usinakili picha za mtandaoni.

Dada wa Soweto, Mbeya: Mimi sipaki, mume wangu ndiye anayepaka. Sinia analo, ila linakaa juu ya friji na mtoto ana miaka mitatu. Na hayo maboksi yataisha lini?

Jibu: Shemeji, la sinia una haki. Kuna wembe na gundi ya supa gluu mle, na askari wa chuma wa zamani wengine wana madini ya risasi (lead) yenye sumu, si kitu cha mtoto kuweka mdomoni. Mwambie aweke mlango wenye kitasa kwenye kabati, ni kazi ya asubuhi moja. La maboksi naomba nisilijibu. Mke wangu anasoma hapa.

Mdau wa Njombe: Nina 60, wote nimewapuliza, nimepaka wanane tangu mwaka juzi. Nikiwaangalia nachoka. Niuze?

Jibu: Usiuze kwanza. Chagua watano, 55 waliobaki wafunge kwenye boksi kwa mkanda wa gundi na umpe mtu akae nalo, asiwe wa nyumbani kwako. Ukimaliza watano, cheza nao mchezo mmoja, ndipo ukachukue wengine watano. Kama baada ya mchezo hujisikii kwenda kulichukua boksi, piga simu huko huko liliko uulize kama wanalitaka. Brashi zako zilizoharibika ncha usitupe, ndizo za brashi kavu.

Mdau wa Njombe: Boksi nikuachie wewe?

Jibu: Hapana. Nina matatu.